Aliyeshikiwa Sungura Wake

Vita vilivyoigawa nyumba yetu likizo ya Agosti vilianza na swali la kitinda mimba wangu. Alikuwa ameshika kikombe cha uji kwa mikono miwili, macho kwenye kompyuta. "Kama Darth Vader alikuwa mtoto mzuri, nani alimfanya awe mbaya?" Dada yake, kifungua mimba, akamjibu kwamba mbaya ni mbaya, hafanywi na mtu. Binamu yao wa Nanyuki akakataa: Vader alidanganywa. Binamu wa Karatina akatua kikombe chake kwa kishindo. Mtu aliyeua watoto wadogo ndani ya hekalu, akasema, huyo hakudanganywa, huyo alichagua. Uji haujapoa, sebule ya mama mkwe wangu ikawa na kambi mbili.

Tulikuwa Tetu, Nyeri, nyumbani kwa Cucu, bibi ya watoto hawa, upande unaopanda kuelekea msitu wa Nyandarua. Agosti huku ni mwezi wa ukungu. Mlima Kenya unaweza kuonyesha kichwa kidogo saa nne asubuhi, halafu ukajifunika mpaka kesho yake, na manyunyu yanashinda na kulala hapa hapa. Watoto hawapati pa kuchezea, na kila aliye na jiko habanduki hapo. Mume wangu alikuwa amewaletea sinema zote tisa za mfululizo mkuu wa Star Wars, kuanzia ile ya kwanza ya George Lucas ya mwaka 1977 hadi ile ya 2019, ili wakae mahali pamoja. Walikaa kweli. Walipoinuka, walikuwa majeshi.

Cucu naye alikuwa na shughuli zake. Chama chake cha akina mama kilikuwa kimenunua vifaranga 100 wa siku moja, wale wa kienyeji walioboreshwa, na zamu ya kuwalea mpaka wafikie umri wa kugawanywa ilikuwa yake. Aliwatengea kile chumba cha zamani cha kuwekea viazi. Akatandaza maranda sakafuni, akazungusha ukuta wa katoni kwa duara ili wasipate pembe ya kurundikana, akaweka jiko la makaa katikati na kulizungushia bati lenye matundu, akaacha dirisha dogo la juu wazi ili hewa chafu itoke. Mlangoni akatundika gunia zito la kukinga upepo. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 33 hivi, na usiku wa Agosti hapa Tetu hauwezi kumpa hata nusu yake. Cucu alikuwa akiamka usiku wa manane kuongeza makaa, akirudi kulala na harufu ya maranda kwenye shuka lake.

Kambi na wakuu wake

Kwa asiyezijua sinema hizo, kisa chenyewe ni hiki. Anakin Skywalker analelewa utumwani katika sayari ya jangwa iitwayo Tatooine. Wapiganaji wa Jedi wanamkomboa yeye, mama yake anabaki mtumwa. Akiwa kijana anarudi kumtafuta, anamkuta mikononi mwa watekaji, na mama anakata roho amemkumbatia. Tangu siku hiyo anaapa kwamba hatampoteza mwingine. Anaoa kwa siri, mke anashika mimba, na usiku anaota kwamba mke atafia uzazi. Hapo ndipo Palpatine, mzee wa maneno laini anayeongoza Jamhuri, anapomnong'oneza kwamba iko elimu ya upande wa giza inayoweza kuzuia kifo. Anakin anaikimbilia. Anawaua watoto wa hekaluni, anamkaba mke wake mwenyewe, na mke anakufa baada ya kujifungua mapacha. Alichokiogopa kikaja kwa mikono yake, naye akabaki ndani ya vazi jeusi, akipumua kwa mashine, na jina jipya: Darth Vader.

Ndiyo maana watoto waligombana kwa uchungu. Walikuwa wameona hadithi ya mtu mbaya ambaye ubaya wake ulianza kwa kumpenda mama yake, na kila mmoja wao ana mama.

Binamu wa Nanyuki, aliyekuwa mkubwa wa wavulana, akajitawaza Mfalme Palpatine, mkuu wa Dola. Binamu wa Karatina akaongoza Waasi, na kitinda mimba wangu akawa askari wake wa pekee. Kifungua mimba wangu alianza na Waasi. Siku ya pili Palpatine akamwambia mbele ya wote kwamba msichana wa sekondari hachezi na watoto wa chekechea. Niliona lile neno lilivyomwingia. Jioni hiyo akavuka. Akakata kipande cha nailoni nyeusi ya kufunikia lishe ya ng'ombe, akakivaa mabegani, akavaa gambuti za Cucu, akawa anazungumzia ndani ya kopo tupu la mafuta ili apate ile sauti nzito ambayo James Earl Jones alimpa Vader.

Cucu hawakumwacha nje. Ana miwani minene, na wajukuu walipomwona Maz Kanata katika sinema ya 2015, yule kikongwe wa miaka zaidi ya 1,000 mwenye miwani mikubwa, walipiga kelele kwa pamoja. Nilipowaambia kwamba anayemwigiza ni Lupita Nyong'o, Mkenya mwenzao, furaha ikawa mara mbili. Kutoka hapo Cucu akawa Maz Kanata wa pande zote mbili. Yeye aliuliza tu huyo mama anafanya kazi gani. Wakamwambia anaweka mahali pa wasafiri kula na kunywa, na humwangalia mtu machoni akajua anakimbia nini. "Basi hiyo ni kazi nzuri," Cucu akasema, akaenda kuangalia makaa.

Sungura atekwa

Chanzo cha vita vya mwisho kilikuwa chaja. Kila jioni Palpatine na Vader wake walikuwa wakichagua sinema na kuwaambia Waasi wakae kimya. Binamu wa Karatina akachoka. Mchana mmoja akaichomoa chaja ya kompyuta, akaenda kuificha mahali ambapo Dola isingethubutu kuingia: nyuma ya gunia la chakula, ndani ya chumba cha vifaranga. Siri hiyo aliijua yeye na kitinda mimba wangu.

Ilipofika jioni kompyuta ikaishiwa moto. Dola ikapekua sebule, ikapekua ghala, ikapekua hata debe la unga. Kisha Palpatine akafikiria jambo ambalo Palpatine wa sinema angelifikiria pia. Kitinda mimba ana sungura mmoja mweupe mwenye sikio moja la kijivu, aliyepewa na baba yake alipomaliza gredi ya pili. Wakamtoa kwenye kibanda. Vader akamkumbatia chini ya nailoni yake, na Palpatine akamwambia mtoto maneno haya, ambayo baadaye aliyarudia mbele yetu akiangalia vidole vyake vya miguu: "Sema chaja iko wapi, la sivyo Jumapili tunapika kitoweo."

Akasema.

Dola ikaingia chumba cha vifaranga magharibi, manyunyu yakipiga bati. Walikwenda kwa haraka ya watu wanaojua kwamba hawatakiwi kuwa hapo. Gunia la mlangoni likang'oka kwenye msumari. Mguu wa gambuti kubwa ukasukuma katoni, katoni ikasukuma bati, jiko likalala upande na makaa yakamwagika kwenye maji ya kunywa ya vifaranga. Yakazima yote. Hilo lilikuwa bahati, kwa sababu maranda yangeshika moto na leo ningekuwa naandika kisa kingine. Wakachukua chaja, wakatoka mbio, mlango wakauacha wazi.

Kitinda mimba alikuwa amesimama uani. Aliona gunia chini, akasikia vifaranga wakilia, na kwa kuwa amekuwa akimsaidia Cucu kuwalisha, alijua sauti ile ni ya nini. Kifaranga aliyeshiba na kupata joto hupiga kelele za chini chini, kama anajisemea. Anayepigwa na baridi hulia kwa nguvu, bila kupumzika. Mtoto alijua. Lakini sungura alikuwa bado chini ya nailoni, na walikuwa wamemwambia akae kimya mpaka sinema iishe. Akawafuata sebuleni.

Kisha stima ikapotea, kama inavyopotea huku mvua ikinyesha. Katika lile giza Vader akamlegeza sungura ili atafute tochi. Kitinda mimba akampokonya, akamtia ndani ya sweta yake, akakimbia hadi jikoni tulipokuwa. "Cucu, vifaranga!"

Tuliwakuta wamerundikana kwenye pembe ya ukuta, kilima kimoja cha manyoya, kila mmoja akisukuma kwenda ndani kutafuta joto la mwenzake. Walio juu walikuwa wakitetemeka. Walio chini walikuwa wamekosa hewa. Cucu alipiga magoti kwenye maranda yenye maji, akaanza kuwatoa mmoja mmoja kwa mikono yake miwili, akiwapuliza mdomoni, akiwatia kwenye kapu lililotandikwa sweta. Hakusema neno. Tukawapeleka jikoni, tukawasha majiko mawili, tukachanganya glukosi na maji ya uvuguvugu, tukawa tunachovya mdomo wa kila mmoja. Kifungua mimba wangu alikuja mlangoni akiwa bado na nailoni mabegani. Alitazama kapu, akaivua, akaketi karibu na jiko, akaanza kuwakausha kwa leso yake ya kichwa. Hapakuwa na aliyemwambia.

Vifaranga 12 hawakuamka.

Baraza la jikoni

Usiku ule kila mtoto alikuwa na mtu wa kumnyooshea kidole, na vidole vyote vilikutana kwa kitinda mimba. Ndiye aliyesema. Ndiye aliyeona gunia chini akanyamaza. Binamu wa Karatina, aliyempenda kuliko wote, ndiye aliyelia kwa hasira zaidi. "Wewe ni Lando," akamwambia.

Lando Calrissian yuko katika sinema ya 1980. Ni mkuu wa mji unaoelea mawinguni, rafiki wa zamani wa Han Solo. Vader anatangulia kufika, anampa shuruti: mkabidhi rafiki yako, mji wako utabaki salama. Lando anamkabidhi. Kisha Vader anabadilisha masharti, anayabadilisha tena, mpaka Lando anaelewa kwamba mapatano na mtu wa aina hiyo hayana mwisho. Anageuka, anawatorosha waliobaki, na katika sinema ya 1983 ndiye anayeongoza mashambulizi ya kuangamiza silaha kuu ya Dola.

Cucu alisikiliza maelezo hayo yote, kifaranga mmoja akiwa kiganjani. Halafu akamwita mjukuu wake kama anavyowaita wajukuu wa kiume siku zote. "Mume wangu, njoo hapa. Walikushikia nini?"

Mtoto akafungua sweta. Masikio mawili yakatokeza, jeupe na la kijivu.

Cucu akaangalia sungura kwa muda mrefu. Kisha akatuambia kisa ambacho mimi, niliyeolewa katika nyumba hii miaka mingi, nilikuwa nikikisikia kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1954 alikuwa msichana wa kuchunga mbuzi. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kuwabomolea watu nyumba zao na kuwarundika katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na vigingi vilivyochongwa, ili wapiganaji wa Mau Mau walioko msituni wasipate chakula. Watu zaidi ya 1,000,000 wa nchi ya Wakikuyu, Embu na Meru walihamishiwa vijiji hivyo, zaidi ya 800 kwa jumla. Kaka mkubwa wa Cucu alikuwa msituni. Baba yake mdogo alikuwa homugadi, amesimama langoni mwa kijiji kile kile na mkuki wa serikali. "Watu husema alipenda wazungu," Cucu akasema. "Hakuwapenda. Mwanawe wa kwanza alikuwa kizuizini. Alikuwa na ng'ombe, akaambiwa watachukuliwa. Akaambiwa, ukishika mkuki huu, ng'ombe watabaki, na mtoto tutaona." Baba mdogo huyo ndiye aliyempiga mama ya Cucu kwa kuchelewa kutoka kazi ya handaki. Na ndiye ambaye usiku mwingine aligeuza uso upande mama huyo huyo alipopenya na chungu cha githeri kwenda ukingo wa msitu. "Alituumiza na akatuokoa, na alikuwa mtu mmoja. Vita vilipokwisha, yeye alipata shamba zuri. Kaka yangu hakurudi."

Kambi zilizovukwa mara mbili

Nimeishi Nyeri muda wa kutosha kujua kwamba kisa cha Cucu si cha nyumba yetu peke yake. Nenda Othaya, nenda Mathira, vuka uingie Kirinyaga, kila ukoo una mjomba wa msituni na mjomba wa langoni, na mara nyingine ni mjomba huyo huyo.

Mchukue Waruhiu Itote, mzaliwa wa Nyeri. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipigania Uingereza huko Burma akiwa askari wa King's African Rifles. Baadaye akaingia msitu wa Mlima Kenya, akawa Jenerali China, kamanda wa Mau Mau. Tarehe 15 Januari 1954 alijeruhiwa na kukamatwa. Akahojiwa saa 68, akahukumiwa kunyongwa, kisha hukumu ikabadilishwa alipokubali kuwaandikia wenzake wa msituni kuhusu mazungumzo ya amani, ambayo yalivunjika Aprili mwaka huo. Akafungwa Lokitaung pamoja na Jomo Kenyatta. Baada ya uhuru alitumikia taifa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa. Askari wa mfalme, mwasi, mateka mpatanishi, mfungwa, mtumishi wa Jamhuri: hayo yote katika maisha ya mtu mmoja. Mwenye kutaka kumpa jina moja atalazimika kukata sehemu kubwa ya maisha yake na kuitupa.

Aliyemhoji alikuwa Ian Henderson, ofisa wa polisi aliyelelewa nchi hii hii ya Nyeri na kusema Kikuyu kama mwenyeji. Yeye na wenzake waliunda vikosi vya bandia: wapiganaji waliokamatwa walirudishwa msituni wakiwa na nguo zao zile zile za ngozi na nywele zao zile zile ndefu, kuwawinda walioapa nao. Ukitaka kujua mtu anageukaje ndani ya siku chache, tazama hapo. Aliyekamatwa alikuwa na kitanzi mbele yake. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa wakati wa Hali ya Hatari, na kila mateka alijua hivyo. Walichomshikia ni shingo yake mwenyewe.

Dedan Kimathi, mtoto wa Tetu, alipigwa risasi na kukamatwa alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956 ukingoni mwa msitu huu wetu. Aliyempiga alikuwa Mkikuyu mwenzake, polisi wa akiba aitwaye Ndirangu Mau. Akashtakiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye kwa pamoja na Mĩcere Mũgo aliandika tamthilia ya kesi hiyo, alikuwa ameandika mapema zaidi, mwaka 1967, riwaya ya A Grain of Wheat, ambamo kijiji kizima kinamtafuta aliyemsaliti shujaa wao, na kinamkuta ni yule yule kilichomfanya shujaa. Mugo wa riwaya hiyo hakuwa na tamaa ya fedha tu. Alitaka aachwe peke yake na shamba lake, na vita vikaja kubisha mlangoni kwake.

Ukizitazama sinema za watoto baada ya kukumbuka hayo, Palpatine anakuwa mtu unayemfahamu. Katika sinema ya 2002 bunge la Jamhuri linampa madaraka ya dharura kwa sababu ya vita ambavyo yeye mwenyewe amevipanga kwa siri, na madaraka hayo hayarudi tena. Hapa kwetu Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na iliondolewa Januari 1960. Katika miaka hiyo serikali ilijifunza kila mtu anapenda nini, ikakishika. Mwenye duka alishikiwa leseni. Mkulima alishikiwa shamba: mpango wa Swynnerton wa 1954 uliunganisha vipande vya ardhi na kutoa hati wakati ambapo wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni, na aliyekuwa upande wa serikali ndiye aliyekuwa nyumbani wakati wa kupima. Mwaka 1957 Mkikuyu, Membu au Mmeru hakuweza kupiga kura bila cheti cha utiifu. Mzazi alishikiwa mtoto.

Wanahistoria waliofanya kazi kwenye nyaraka za wakati huo, Daniel Branch akiwa mmoja wao, wameonyesha kwamba wengi walivuka na kuvuka tena kadiri vita vilivyosogea. Wako Wakristo walioamini kwa dhati kwamba kula kiapo cha Mau Mau ni dhambi. Wako ambao ndugu zao waliuawa na wapiganaji, wakashika mkuki kwa uchungu. Wako waliotaka tu kufika kesho. Na wako waliopenda ukubwa na kupiga wanyonge. Wote walivaa utepe mmoja mkononi, na historia ya haraka ikawaita kwa jina moja.

Hukumu ya Cucu

Jambo nililojifunza jikoni mwa mama mkwe wangu, na ninalotaka kila mzazi alichukue, ni kwamba maswali ni mawili na hayabadilishani nafasi. La kwanza ni "walikushikia nini?" La pili ni "nani amelipa?" Anayeuliza la kwanza peke yake humfutia kila msaliti kosa lake. Anayeuliza la pili peke yake huwinda wasaliti miaka yote na kumwacha Palpatine akiwa ameketi kwenye kiti chake.

Cucu aliyauliza yote. Alimgeukia kifungua mimba. "Na wewe, mke mwenzangu, ulikuwa umeshikiwa nini?" Msichana akasema polepole kwamba aliitwa mtoto. Akamgeukia mjukuu wa Nanyuki. Huyu alichukua muda. Mwishowe akasema kwamba tangu afike, hakuna aliyemuuliza anataka kutazama nini. Nyumba ina utaratibu wake, naye ni mgeni. Nilifurahi kusikia hivyo, kwa sababu Palpatine wa sinema hana jibu la namna hiyo. Simulizi nzima haimpi mama aliyempoteza wala mtoto anayemwogopea. Anataka kutawala basi, na kipaji chake ni kunusa woga wa wengine. Kijana wetu alikuwa na jeraha dogo lililotafuta njia. Jeraha linaweza kutibiwa.

Halafu likaja swali la pili. Vifaranga 12 walikuwa mali ya chama, na akina mama wenye zamu zijazo hawakuwa na kosa. Cucu akaamua. Waliovamia watachuma chai ya shambani kwake mpaka fedha ya vifaranga itimie, na Ijumaa watasimama mbele ya chama waeleze wenyewe. Aliyeficha chaja mahali pa hatari atabeba maji ya vifaranga. Kitinda mimba hakuachwa. Atafukia waliokufa chini ya mparachichi, na kila usiku kabla ya kulala atakwenda na Cucu kuangalia jiko. "Ulimwokoa wako," akamwambia, "na hilo silikatai. Lakini ulisikia wangu wakilia."

Hapo binamu wa Karatina akauliza lile ambalo watu wazima wa nchi hii wamekuwa wakiuliza tangu 1963: kama Vader mwishoni alimtupa Palpatine shimoni ili kumwokoa mwanawe, je, amesamehewa? Cucu akataka kujua kama watu wa ile sayari iliyolipuliwa na silaha ya Dola walirudi. Wakamwambia hapana. "Basi mwanawe anaweza kumsamehe yaliyo yake," akasema. "Ya wale wengine si ya mwanawe kusamehe."

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Mwaka 2003 serikali yetu iliondoa marufuku iliyokuwa imewekwa juu ya Mau Mau tangu ukoloni. Mwaka 2007 sanamu ya Kimathi ikasimamishwa Nairobi. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kulipa fidia ya wazee 5,228 walioteswa pamoja na gharama za kesi, jumla pauni milioni 19.9. Ni mambo mema na yamechelewa. Lakini ndani ya nyumba za Nyeri, Murang'a na Kirinyaga deni bado halijahesabiwa. Wajukuu wa aliyekuwa langoni na wa aliyekuwa msituni wanakutana kanisani, wanaoana, na hawajui ni nani alimfanyia nani nini, wala kwa nini. Wazee walionyamaza walidhani wanatulinda. Wanaondoka mmoja mmoja na majibu yao, na sisi tunabaki na majina mawili, shujaa na msaliti, ambayo hayatoshi kueleza ng'ombe wa baba mdogo wala githeri ya usiku.

Kwa hiyo nawaomba walio na wazee: waulizeni sasa, na msiulize tu walikuwa upande gani. Waulizeni walishikiwa nini, na nani aliyelipa. Na nyumbani kwenu, kwenye ugomvi wa chaja na wa rimoti, msikubali hata siku moja kipenzi cha mtoto kitumike kumfungulia mdomo, iwe ni sungura, simu au ada ya safari ya shule. Mtoto aliyeona kwamba njia hiyo hufanya kazi atakua akiitumia, na nchi hii imekwisha kuonyeshwa inafika wapi. Chai ya Cucu ilichumwa, chama kililipwa, na mwaka ujao binamu wa Nanyuki ndiye atakayechagua sinema ya kwanza, kwa sababu tumemuuliza.